Mafuta ya Taa: Kumbukumbu za Wampembe

Vijana walio katika utumishi, wakipata kujua kwamba nilikuwa mwalimu kwa sehemu kubwa ya umri wangu na kwamba katika muda uo huo nilitunga mashairi, aghalabu huniuliza wasaa wa kufanya mambo hayo mawili niliupata wapi, nao huuliza kwa sauti ya mtu atafutaye dawa ya maradhi yake mwenyewe. Huwajibu kwamba wasaa ni jambo dogo. Wasaa hupungua na huongezeka, hukopwa kwa usingizi na hulipwa kwa usingizi; jambo kubwa ni yale malipo ambayo mtu huyadai kwa kila kazi kati ya hizo mbili, kwa maana mwenye kudai jaha kwa shairi lake, au mwenye kudai furaha ya shairi katika jaha, hata angalipewa siku yenye saa arobaini angalikufa na madai yake. Jambo hili sikulisoma chuoni. Nilifunzwa Wampembe, ambako nilipelekwa kufundisha nikiwa kijana mwenye tamaa nyingi na mafuta ya taa kidogo.

Asiyeijua Wampembe na aifikirie hivi. Juu ni nyanda za Ufipa, nchi ya ulezi, mahindi na maharage, ambako mji wa Sumbawanga umekaa katika kimo cha takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ambako katika miezi ya Juni na Julai mzee hatoki nje asubuhi bila ya blanketi. Chini ni Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 773, nchi ya mihogo na samaki, yenye joto la kumfanya mtu wa juu avue koti lake kabla hajafika. Kati ya nchi hizo mbili pana ukingo wa milima, ambao njia itokayo Kitosi huuteremka kwa kujikunjakunja, na ambao siku zile, hasa wakati wa masika, gari lililouteremka halikuwa na hakika ya kuupanda tena. Kwa hiyo mlango wetu ulikuwa majini. Meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaileta vipande vipande ndani ya masanduku mpaka Kigoma, wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, na ambayo Waingereza waliiopoa baadaye na kuirudisha kazini mwaka 1927, ilikuwa ikisimama mbali kidogo na ufuko wetu, kwa kuwa gati haikuwapo, na mitumbwi ikaiendea kwa makelele kuchukua watu, mizigo, barua na magazeti ambayo habari zake zilikuwa zimekwisha kuzeeka. Kila kilichohusu kupanda kwangu cheo, na kila kilichohusu mashairi yangu, kilikuja au kilikwenda kwa meli hiyo.

Nilifika miaka michache baada ya Rukwa kufanywa mkoa mwaka 1974, wakati Nkasi ilikuwa haijawa wilaya na makaratasi yetu yote yalipanda mlima kwenda Sumbawanga. Daraja langu la ualimu lilikuwa la chini, wala sikukusudia kubaki nalo. Niliijua ngazi na vidato vyake: mwalimu mkuu, mratibu elimu wa kata, afisa katika idara ya elimu wilayani, na nilijua kwamba ngazi hiyo ilikuwa nzito mno kwa mtu asiye na cheti cha kidato cha nne. Basi nikajiandikisha katika elimu kwa njia ya posta, iliyokuwa ikiendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kutoka Dar es Salaam, nikawa napokea vijitabu vya masomo, nikijibu maswali na kuyarudisha, kisha nikingoja masahihisho ambayo yalifika nimekwisha kulisahau swali. Ilikuwa ni tamaa, nami siionei haya. Wapo watu wasemao juu ya tamaa ya cheo kana kwamba ni najisi, na wengi wao ni watu ambao cheo wanacho tayari. Mwalimu wa daraja langu alikuwa na mshahara uliokwisha kabla ya mwezi, ndugu waliomtazamia kutoka juu ya mlima, na darasa ambalo, baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 kutaka kila mtoto wa umri wa shule awe shuleni ifikapo mwaka 1977, lilikuwa limejaa mpaka dirishani. Kumtaka mtu huyo aridhike na hali yake kwa jina la unyenyekevu si insafu.

Mashairi niliyaanza kabla ya ualimu, kwa kukisikiliza kipindi cha Malenga Wetu cha Redio Tanzania penye redio ya jirani, na kwa kukisoma kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, ambacho nakala niliyoipata ilikuwa imepoteza jalada lake la mbele na la nyuma lakini haikupoteza sheria hata moja. Sikutunga kwa kutafuta fedha, maana hapakuwa na fedha. Sikutunga kwa kuwapendeza watu pia, kwa maana katika mwaka wangu wa kwanza pale ziwani hapana mtu aliyejua. Nilitunga kwa sababu kipande kilichopungukiwa na mizani moja kiliniwasha kama upupu, na kilipotimia nililala.

Sasa niseme juu ya mafuta. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na taa moja ya chemni, na mafuta ya taa Wampembe hayakuwa bidhaa ya nyumbani tu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa karabai: wavuvi hutoka jioni, huziwasha taa zao za pampu juu ya maji, dagaa huja kwenye nuru, migebuka huwafuata dagaa kwa njaa yao, na wote pamoja huishia wavuni. Kwa hiyo lita ya mafuta kijijini kwetu ilikuwa na bei mbili, bei ya dukani na bei ya samaki ambao ingeweza kuwavuta. Baada ya Vita ya Kagera, iliyoanza mwaka 1978 na kwisha mwaka 1979, nchi ilipopungukiwa na fedha za kigeni ilhali bei ya mafuta ulimwenguni inapanda, hata ile bei ya dukani ilitoweka, kwa sababu duka la kijiji lilikaa na rafu tupu likingoja mgawo kutoka kampuni ya biashara ya mkoa. Kumwomba mvuvi chupa ya mafuta kwa ajili ya kusomea mtihani kulikuwa ni kumwomba kitoweo cha watoto wake. Kumwomba kwa ajili ya kutunga shairi, sikujua hata salamu ningeianzaje.

Nikiulizwa leo mgogoro kati ya kazi na sanaa una sura gani, siwezi kunena habari za nafsi iliyogawanyika, kama wanenavyo watu waliosoma zaidi yangu. Naiona chupa, na alama niliyoichora kwa mkaa ubavuni mwake. Mafuta yaliyokuwa juu ya alama yalikuwa ya mtihani, na yaliyokuwa chini ya alama yalikuwa ya mashairi, na sheria ilikuwa kwamba upande mmoja hauazimi kwa mwingine. Kabla ya alama hiyo kila usiku ulikuwa na shauri: nikifungua kijitabu cha historia, kina cha ubeti kilinijia, nikiufuata ubeti, hofu ya mtihani ilinirudisha, na taa iliwaka bure huku nikibishana na nafsi yangu. Baada ya alama mabishano yalikoma, si kwa kuwa nilikuwa mwema zaidi, ila kwa kuwa chupa haibishani. Nawasihi wanaopanga maisha yao kwa nia njema tu wajaribu kitu kinachoonekana kwa macho, kwa maana nia njema ni nyepesi kuliko mafuta ya taa na huvukiza upesi kuliko hayo.

Hata hivyo mpango mkubwa kuliko wa chupa ulitoka mbinguni, kwa maana ya mwezi. Karabai haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Usiku wa mwezi mpevu nuru imeenea juu ya ziwa lote, dagaa hawana sababu ya kuikusanyikia taa, na wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu, wakitengeneza mitumbwi na kuzungumza. Ukiwa giza kijiji chote cha wanaume huhamia majini. Sisi walimu wa shule ya msingi tulikuwa pia walimu wa kisomo chenye manufaa, jina ambalo madarasa ya watu wazima yalijulikana kwalo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na ratiba iliyotoka ofisini ilitaja siku za juma. Ziwa halina juma. Nilipofuata ratiba, nusu ya mwezi nilifundisha madawati. Nilipofuata mwezi, nilikuwa na darasa lililojaa wakati wa mbalamwezi, hata nyakati nyingine tulikaa nje bila ya taa, ubao ukisomeka kwa nuru ya bure, na wanafunzi wangu, ambao wengine walikuwa na umri wa baba yangu, wakayatamka maneno kwa sauti iliyozoea kuitana kutoka chombo mpaka chombo. Usiku wa giza ukawa wangu. Kijiji kilinyamaza, taa za wavuvi zikasimama mstari juu ya maji mfano wa mji, nami niliketi penye chemni yangu nikijua kwamba hapana mtu anayenidai. Wasaa huo sikumwibia mwajiri. Niliupata kwa kuyatazama maisha ya watu niliowafundisha na kuona pahali ambapo yaliacha nafasi. Kila kazi ina nafasi za namna hiyo, ila hazimo katika ratiba, na mtu asiyeijua kazi yake vizuri hawezi kuziona. Ndiyo maana simwamini mtu asemaye kwamba anaipuuza kazi kwa ajili ya sanaa. Aipuuzaye kazi hata hazijui saa zake za mapumziko.

Mmoja wa wanafunzi wale wazee, mvuvi ambaye mikono yake ilikuwa na makovu ya kamba mpaka viwikoni, alinikuta asubuhi moja ufukoni akitoka majini.

“Shikamoo, mzee,” nikamwamkia.

“Marahaba, mwalimu. Taa yako naiona kutoka huko mbali usiku wa manane. Una mgonjwa nyumbani?”

“Sina mgonjwa, mzee. Natunga mashairi.”

“Unalipwa?”

“Silipwi.”

“Na ukiacha, watakukata mshahara?”

“La, hawakati.”

Akafikiri kidogo huku akikung'uta wavu. “Basi hiyo ni yako mwenyewe, mwalimu. Ya shule ni ya serikali. Zitenge. Wakubwa wakijua una kitu chako watakitaka.” Akacheka, akanipa migebuka.

Maneno yake yalithibitika upesi. Pakatazamiwa mgeni mkubwa wa chama, na mtu mmoja akawa amekwisha kusema kwamba mwalimu hutunga, nikaagizwa ngonjera. Sina dharau juu ya ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyeipa namna hiyo ya majibizano nguvu yake, alikuwa mtunzi mkubwa, na chama cha washairi cha UKUTA, kilichoanzishwa mwaka 1959, kiliichukua kazi hiyo kwa moyo baada ya Mwalimu Nyerere kuwataka washairi, mwaka 1968, wasaidie kulieneza Azimio la Arusha. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilivyotoka mwaka 1970 na 1971 vilifika hata shule za mbali kama yetu. Nikatunga, watoto wakaghani, mgeni akafurahi, na baada ya muda si mrefu nikateuliwa kuwa mwalimu mkuu. Kama ngonjera ile ilikuwa sababu, sijui. Lakini kijiji kizima kilisadiki hivyo, na tangu hapo hapakuwa na Saba Saba, wala Mwenge, wala kisima kilichofunguliwa, bila ya kuagizwa beti. Athari yake niliiona penye chemni. Kila nilipotafuta kina, wajihi wa mgeni ulikuja kabla ya neno; nilijikuta nikiuliza ubeti huu utampendeza nani, swali ambalo sikupata kuuliza tangu utoto. Nikafanya kama mzee alivyosema. Ngonjera nikaziingiza katika hesabu ya kazi: zilitungwa mchana, shuleni, kwa chaki na ubao, pamoja na watoto, nazo zilikuwa nzuri kwa kadiri yake. Za usiku hazikuonyeshwa kwa mkubwa yeyote.

Ila moja ilionekana. Mkaguzi mmoja, katika kupekua maandalio ya masomo, aliikuta karatasi yenye beti zilizohusu upepo wa kusi na mwanamke angojaye chombo kisichorudi. Maandalio yalikuwa kamili, mahudhurio yalikuwa yameandikwa, darasa la watu wazima lilikuwa limejaa kupita mengine ya mwambao. Pamoja na hayo taarifa yake ilisema kwamba mwalimu huyu anaelekea kushughulishwa na mambo ya nje ya kazi. Mtu huyo huyo alikuwa ameisifu ngonjera kwa makofi. Kumbe ubaya wa shairi ulikuwa ni kutoagizwa.

Taarifa ile ilinichelewesha, na katika kuchelewa huko nilijifariji kwa kuwasoma wakubwa wa kalamu, nikitazama maisha yao zaidi ya beti zao. Shaaban Robert, ambaye wasomaji wengi humdhania kuwa alizaliwa ndani ya maktaba, alikuwa karani: aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akakaa humo mpaka 1944, akapelekwa Mpwapwa, kisha akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya na baadaye ofisi ya upimaji. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni kitabu cha mtu aliyekuwa bado chini ya ofisi hiyo ya wilaya. Na msomaji aliyepata kukaa ofisini huona mara moja kwamba baraza lile linalomhukumu Karama kwa kutaka watu wafundishwe sheria halikubuniwa na mtu asiyejua jinsi mashauri yanavyosikilizwa na jinsi yanavyozibiwa masikio. Ukarani haukumnyima kitabu. Ulimpa nusu yake. Nacho kitabu hakikumtoa katika ukarani, wala sioni mahali alipokidai malipo hayo.

Wa ziwa letu ni Amri Abedi mwenyewe, mzaliwa wa Ujiji mwaka 1924, ambaye alizitoa zile sheria za utunzi mwaka 1954 akiwa katika kazi ya kuhubiri dini, akawa baadaye Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na Waziri wa Sheria, akafariki mwaka 1964 kabla ya uzee kumjua. Maelfu washangiliao magoli katika uwanja wa Arusha wenye jina lake hawana habari kwamba yeye ndiye aliyetuhesabia mizani. Na Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, jamhuri ikiwa changa, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Asemaye kwamba hana wasaa na apime shughuli zake kwa shughuli za huyo. Lakini mfano wa Rais humfaa mdogo kwa kiasi tu, maana Rais hana mkaguzi.

Ulionifaa zaidi ulikuwa mfano wa nchi yenyewe. Katika nyanda za Ufipa, kwa wakati ule, mtu aliweza kuyaona bado malungu, tanuri ndefu za udongo zilizompita mtu kimo, ambamo wazee waliyeyusha mawe ya chuma bila ya mivukuto, kwa upepo ulioingia wenyewe chini na kupanda kwa joto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri ndogo iliyovuviwa, kisha kikafuliwa majembe, mashoka na mikuki. Mafundi wale, waliokuwa na miiko yao na dawa zao na heshima kubwa, walikuwa wakulima. Wakati wa mvua walilima, na wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, waliwasha moto. Ufundi ule ulikufa kwa majembe ya madukani, lakini katika uhai wake hapana aliyemwuliza fundi kama ni mkulima wa kweli au mhunzi wa kweli, kwa kuwa shamba na tanuri kila kimoja kilikuwa na majira yake, na aliyetaka kuyeyusha chuma katika masika angepata tope.

Mtihani niliushinda, na hatimaye nikahamishiwa Sumbawanga, penye umeme wa mara kwa mara na mafaili ya siku zote. Huko mwezi hauna amri juu ya mtu. Nikaihamisha alama ya chupa kwenye saa, nikachukua muda kabla ya mapambazuko, wakati baridi ya mji ule inapowazuia hata wenye haraka vitandani, na idadi ya mashairi ikapungua bila ya mimi kuacha. Baadhi yalisomwa redioni, baadhi yalichapwa magazetini, mengi yamo madaftarini na huenda yasitoke humo. Pensheni hulipwa kwa cheo nilichokifikia, wala hapana ubeti uliohesabiwa ndani yake, nami naona hesabu hiyo ni sahihi.

Nina ombi moja, nalo si kwa vijana waniulizao habari za wasaa. Hao watajifunza kwa chupa zao. Ni kwa wakuu wa shule, wa idara na wa ofisi, wenye kuandika taarifa juu ya watu walio chini yao. Mkimkuta mtumishi ana daftari la mashairi, au zeze ukutani, au rangi na brashi chini ya kitanda, fungueni kwanza kitabu cha kazi yake mkitazame. Kama kazi imetimizwa, funikeni daftari lile, mlirudishe palepale mlipolikuta, wala msimwagize ngonjera.